Jipu Linalorudi Mahali Pale Pale: Mirija ya Kuzaliwa Nayo Karibu na Sikio na Maambukizi Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu, walimu wetu, na wanafunzi wa tiba mliofika leo,

Mada niliyopewa inahusu kitundu ambacho mara nyingi hakizidi milimita moja au mbili. Ni kidogo kiasi kwamba mama anaweza kumwogesha mwanawe kwa miaka asikitambue, na daktari anaweza kulipasua jipu lililo pembeni yake bila kujua kwamba kipo. Hata hivyo wagonjwa wanaozaliwa nacho, kikishaanza kuambukizwa, hupoteza muda mrefu wakihangaika kutoka chumba kimoja cha matibabu hadi kingine.

Mwendo wa wagonjwa hao unafanana. Analetwa mtoto, au anakuja kijana, ana jipu karibu na sikio. Jipu linapasuliwa, usaha unatoka, anapewa dawa, anapona. Baada ya miezi kadhaa anarudi na jipu mahali pale pale, safari hii juu ya kovu la chale ya kwanza, nalo linapasuliwa tena. Kila anayemhudumia anaandika neno “jipu” kwenye faili, na hakosei, maana ni jipu kweli. Lakini majipu ya kawaida hayana desturi ya kuchagua sehemu moja ya ngozi na kurejea hapo mwaka hata mwaka. Usaha unaorudi mahali pamoja una chanzo mahali hapo, na katika eneo linalozunguka sikio chanzo hicho, mara nyingi kuliko tunavyodhani, ni mrija ambao mtu huyo alizaliwa nao.

Kasoro nitakazozieleza ni mbili. Ya kwanza inaonekana mara kwa mara, nayo ni kitundu cha mbele ya sikio pamoja na mrija wake. Ya pili ni adimu, nayo ni mabaki ya mfuo wa kwanza wa kiinitete. Ninaziweka pamoja kwa sababu zinachanganywa, na kwa sababu kuzichanganya kunaweza kumgharimu mgonjwa neva inayoendesha misuli ya nusu ya uso wake.

Tuanzie tumboni mwa mama. Katika wiki ya nne ya mimba, pembeni mwa eneo litakalokuwa koromeo na shingo, kiinitete huota matao kadhaa yaliyopangana, na kati ya tao na tao upande wa nje kuna mfuo, yaani kibonde chembamba. Mifuo ya pili, ya tatu na ya nne huzibwa na kutoweka. Mfuo wa kwanza ndio pekee unaobaki kwa binadamu aliyekamilika, nao ndio unaokuwa mfereji wa sikio, ule tunaouchungulia kila siku kwa taa. Ifikapo wiki ya sita hivi, kwenye tao la kwanza na la pili, kuuzunguka mdomo wa mfuo huo, huota vinundu sita, vitatu kwa kila tao, ambavyo mwanaanatomia Wilhelm His alivieleza katika karne ya 19. Vinundu hivyo hukua, husogeleana na kuungana, na muungano wao ndio unaolipa sikio la nje umbo lake lenye mikunjo.

Vinundu viwili visipoungana sawasawa, au ngozi ikinaswa katikati yao wakati wa kuungana, hubaki mrija mwembamba uliofunikwa kwa ngozi ndani, wenye mdomo nje na mwisho uliozibika. Hicho ndicho kitundu cha mbele ya sikio, ambacho Heusinger alikieleza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1864. Lakini ikiwa hitilafu haiko katika vinundu bali katika mfuo wenyewe, na sehemu yake ambayo ilipaswa kuzibika ikabaki wazi, tunapata kitu tofauti kabisa, yaani kifuko, mrija au fistula inayoshikamana na mfereji wa sikio na kushuka kuelekea taya na shingo. Kasoro hizi mbili ni majirani, lakini hazina asili moja, na hazipiti njia moja chini ya ngozi.

Nianze na ile iliyozoeleka. Mdomo wa kitundu cha mbele ya sikio kwa kawaida uko pale ukingo wa sikio unapoanza kupanda kutoka shavuni, juu kidogo ya kigegedu kinachoukinga mlango wa sikio. Ndani, mrija unaweza kuwa mfupi na ulionyooka, lakini aghalabu unajipinda, unagawanyika na kutawanyika kama mizizi, na karibu kila mara sehemu yake fulani imeshikamana na utando wa gegedu la sikio. Unakaa juu ya utando mgumu unaofunika msuli wa panja, na unakuwa juu na nje ya tezi ya mate ya shavuni na ya neva ya uso. Yashikeni maelezo haya ya mahali, kwa sababu upasuaji wake wote unayategemea.

Kitundu hiki si ugonjwa. Takwimu za Marekani na Uingereza hazifiki asilimia 1 ya watu, ilhali katika baadhi ya sehemu za Afrika zimeripotiwa kati ya asilimia 4 na 10, na wengi wa watu hao wataishi na kuzeeka bila kukitilia maanani. Kinaweza kuwa upande mmoja au pande zote mbili, na kinapokuwa pande zote mbili uwezekano wa kurithiwa ni mkubwa zaidi. Kukirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, awe baba au mama, kunatosha, lakini si kila aliyeurithi huonyesha dalili, kwa hiyo bibi na mjukuu wanaweza kuwa nacho wakati mzazi aliye kati yao hana. Kwa mtu ambaye kitundu chake ni kikavu na hakijawahi kumsumbua, ushauri wangu ni kukiacha. Wapo madaktari wa upasuaji wanaopendekeza kukiondoa mapema kabla hakijaleta makovu, na hoja yao ninaielewa, lakini sioni sababu ya kumlaza mtoto mzima wa afya kwa nusu kaputi ili kumtibu maradhi ambayo huenda asiyapate kamwe. Mzazi aambiwe mambo machache tu: asikikamue, asikichokoe kwa pini wala kijiti, akioshe kwa maji na sabuni kama ngozi nyingine, na amlete mtoto siku atakapoona wekundu, uvimbe au majimaji.

Maambukizi huanza kwa sababu nyepesi kueleweka. Mrija umefunikwa kwa ngozi, na ngozi hujichubua muda wote, kwa hiyo ndani yake hukusanyika utando mweupe uliooza, wenye harufu, ambao wagonjwa wengine hutuambia wamekuwa wakiukamua tangu utotoni. Mdomo ukiziba, utando huo unakosa pa kutokea na bakteria wanapata chakula na hifadhi. Wanaoonekana zaidi usaha unapopimwa maabara ni wale wa jamii ya stafilokoka, wakifuatwa na baadhi ya streptokoka, na wakati mwingine bakteria wa jamii ya Proteus pamoja na wale wasiohitaji hewa. Mara maambukizi yanapotokea mara ya kwanza, mrija huwa na makovu ndani yake na haujisafishi tena kama zamani, na ndiyo maana aliyeambukizwa mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa tena.

Utambuzi ungekuwa rahisi kama uvimbe ungetokea daima pale pale kwenye kitundu. Tatizo ni kwamba usaha hufuata njia ya mrija, na mrija hautabiriki. Mgonjwa mmoja ana kidonda shavuni, sentimita mbili au tatu mbele ya sikio, chenye nyama laini nyekundu isiyotaka kufunga. Anatibiwa kama mwenye ugonjwa wa ngozi, anapakwa marhamu za kila aina, na hata kupimwa kifua kikuu cha ngozi, kabla mtu hajainua nywele zake na kukiona kitundu kilichokaa kimya juu ya kidonda hicho. Mwingine mdomo wa kitundu uko nyuma zaidi kuliko kawaida, kwenye ukingo wenyewe au katika sehemu iliyobonyea ya sikio, na mrija wake unaelekea nyuma. Huyu huja na uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma sikio mbele, na kila aliyefundishwa vizuri atauwazia mfupa wa mastoidi, yaani ule ulio nyuma ya sikio. Ni sawa kuuwazia, kwa kuwa maambukizi ya mfupa huo ni ya hatari na hayapaswi kukosewa. Lakini mtoto mwenye mastoidi iliyooza kwa kawaida ana homa, ana historia ya sikio la kati kuuma, na kiwambo chake cha sikio hakiko sawa. Ukikuta kiwambo cheupe na king'avu, usikivu wa kawaida, na usaha nyuma ya sikio, rudi ukatafute kitundu.

Namna ya kutafuta ni kazi ya dakika mbili, nami nasikitika kwamba ndiyo inayorukwa zaidi. Kaa usawa wa kichwa cha mgonjwa penye mwanga wa kutosha. Sogeza nywele. Angalia ukingo wa sikio tangu unapoanzia, shuka mbele yake hadi kwenye ndewe, kisha likunje sikio mbele uangalie nyuma yake na kwenye mkunjo. Angalia ndani ya sehemu iliyobonyea. Halafu angalia sikio la pili, kwa sababu mara nyingi sikio lisilo na uvimbe ndilo linaloonyesha kitundu waziwazi na kukupa jibu la lile lililovimba kiasi kwamba mdomo wake umezama. Mwulize mzazi kama kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye kitundu kama hicho, na umwangalie mzazi mwenyewe. Wengine hukigundua cha kwao siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye kasoro ya pili, ile adimu, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza. Mabaki ya mfuo wa kwanza hayafiki asilimia 10 ya kasoro zote zinazotokana na mifuo na matao ya kiinitete, na uhaba huo ndio unaoyaficha, kwa sababu daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa mmoja, na anapomwona hana cha kumkumbusha. Mwaka 1972 daktari wa Marekani aitwaye Work aliyagawa katika aina mbili, mgawanyo ambao bado tunautumia ingawa wagonjwa wengine hawaingii vizuri katika aina yoyote. Aina ya kwanza imejengwa kwa ngozi peke yake; ni kama mfereji wa pili wa sikio uliolala sambamba na ule wa kweli, ukiwa mbele, chini au nyuma yake, na kwa kawaida unapita nje ya neva ya uso. Aina ya pili ina ngozi na gegedu, mdomo wake wa chini uko karibu na pembe ya taya au juu ya shingo, na njia yake inapanda kupitia tezi ya mate ya shavuni mpaka kwenye mfereji wa sikio. Inapopita katika tezi hiyo inakutana na neva ya uso, na hapo inaweza kuwa juu yake, chini yake, au kujipenyeza kati ya matawi yake. Kwa watoto wadogo, na penye fistula iliyo wazi ncha zote mbili, uwezekano wa kupita chini ya neva ni mkubwa zaidi.

Eneo la kulishuku ni la pembetatu. Chora mstari kutoka mfereji wa sikio hadi kidevuni, mwingine kutoka kidevuni hadi kwenye mfupa wa hioidi ulio juu ya koo, na wa tatu kutoka hapo kurudi sikioni. Kitundu, uvimbe au kidonda chochote kinachorudi-rudi ndani ya pembetatu hiyo, hasa kwa mtoto, kinastahili kuulizwa swali moja kabla ya kisu kuguswa: je, sikio la upande huo likoje?

Swali hilo huleta majibu ya ajabu. Chukulieni mtoto wa miaka mitano ambaye amekuwa akitokwa na majimaji sikioni kwa muda mrefu. Ametibiwa kwa matone na vidonge kama mwenye ugonjwa sugu wa sikio la kati. Kando ya hayo, na katika faili nyingine kabisa, ana uvimbe chini ya taya uliowahi kupasuliwa mara mbili na kuandikwa kuwa ni tezi za shingo zilizotunga usaha. Hakuna aliyeyaunganisha, kwa sababu sikio lilitibiwa na mmoja na shingo na mwingine. Ukilisafisha sikio lake na kuangalia kwa makini, utakuta kiwambo kizima bila tundu, jambo ambalo lenyewe linapaswa kutushtua, kwani usaha wa sikio la kati hauwezi kutoka nje bila kupita kwenye tundu la kiwambo. Ukizidi kuangalia unaweza kuona kitundu kwenye sakafu ya mfereji, na kwa mgonjwa mmoja kati ya 10 hivi kuna utando mwembamba uliotandikwa kutoka sakafu ya mfereji hadi kwenye kiwambo. Kisha uminye polepole uvimbe wa shingoni huku ukichungulia. Majimaji yakiongezeka sikioni, hali hiyo imejieleza yenyewe.

Vipimo vya picha vinasaidia, ingawa havichukui nafasi ya macho na vidole. Ultrasaundi inatosha kuonyesha kifuko chenye majimaji na uhusiano wake na tezi ya mate. Kwa mabaki ya mfuo wa kwanza ninapendelea MRI au CT kabla ya upasuaji, MRI kwa kuonyesha nyama laini vizuri zaidi na CT kwa kuonyesha mfereji wa sikio na mfupa. Kwa kitundu cha kawaida cha mbele ya sikio, chenye historia iliyo wazi na mahali palipozoeleka, picha haibadilishi chochote, na mgonjwa asicheleweshwe kwa kuisubiri.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huuliza, nalo ni kama kitundu kinamaanisha mtoto ana kasoro mahali pengine. Kwa wengi hakimaanishi hivyo. Lakini upo ugonjwa wa kurithi unaounganisha vitundu vya sikio, mabaki ya matao shingoni, upungufu wa usikivu na kasoro za figo, ambao hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika 40,000, na ambao kwa familia nyingi umehusishwa na jeni iitwayo EYA1. Kwa hiyo kila mtoto mwenye kitundu apimwe usikivu, kipimo ambacho hakimuumizi. Ultrasaundi ya figo si lazima kwa kila mmoja. Ifanywe pale ambapo kuna kasoro nyingine ya mwili, sikio lenye umbo lisilo la kawaida, uziwi au ugonjwa wa figo katika ukoo, au mama aliyekuwa na kisukari wakati wa mimba hiyo. Mwenye vitundu sikioni pamoja na kitundu shingoni asiachwe aende nyumbani bila figo zake kuangaliwa.

Nimefika kwenye matibabu, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Maambukizi yakiwa ya hatua ya wekundu na maumivu bila usaha kujikusanya, mgonjwa anahitaji antibiotiki inayowaweza stafilokoka na streptokoka, mathalani kloksasilini, sefaleksini, au amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kwa siku 7 hadi 10, pamoja na dawa ya maumivu na kitambaa cha uvuguvugu. Mwenye mzio wa penisilini achaguliwe dawa nyingine. Kukiwa na usaha unaotoka wenyewe kwenye mdomo wa kitundu, chukua sampuli kabla ya kutoa dawa, kwa sababu wagonjwa hawa wameshakula antibiotiki nyingi na bakteria wao wanaweza kuwa sugu.

Usaha ukishajikusanya ni lazima utoke. Dawa peke yake haitatosha. Swali ni utatolewaje. Mazoea yetu ni kupasua, na kwa jipu la pajani au mgongoni mazoea hayo ni sahihi. Karibu na sikio ninaomba tujizuie. Chale inayokatwa juu ya mrija ulioambukizwa huukata mrija vipande, huzika mabaki ya ngozi yake ndani ya kovu, na siku ya upasuaji wa kuuondoa inamlazimu daktari apekue ndani ya makovu bila kujua mrija ni upi na kovu ni lipi. Anza kwa kuunyonya usaha kwa sindano yenye tundu pana, na ikibidi rudia baada ya siku moja au mbili. Penye vifaa na mkono uliozoea, kijiti butu chembamba cha kuzibulia mirija ya machozi kinaweza kuingizwa polepole kupitia mdomo wa kitundu wenyewe, chini ya ganzi, usaha ukatoka kwa njia iliyokuwepo bila kukata ngozi mpya. Njia zote mbili zikishindwa, au mgonjwa akiwa na homa kali na ngozi inakaribia kupasuka, basi pasua, lakini iwe chale fupi, ya juujuu, na iwe mahali ambapo itaingia ndani ya eneo litakalokatwa baadaye.

Onyo hilo linakuwa zito mara mbili chini ya sikio na nyuma yake kwa mtoto mchanga au mtoto mdogo. Kwa mtu mzima neva ya uso inapotoka kwenye fuvu imekingwa na ncha ya mfupa wa mastoidi. Kwa mtoto mdogo ncha hiyo haijaota, na neva iko karibu sana na ngozi. Chale ya kina iliyokatwa kwa haraka hapo inaweza kumwacha mtoto na jicho lisilofumba na mdomo uliopinda. Kama hujui kwa hakika unachokipasua kiko juu ya nini, sindano ni salama kuliko kisu.

Baada ya maambukizi kutulia ndipo tunazungumzia kuuondoa mrija wenyewe. Aliyeambukizwa mara moja na kupona anaweza kusubiri na kuangaliwa, lakini aliyeambukizwa mara ya pili, au anayetokwa na usaha mfululizo, anahitaji upasuaji. Kwa kawaida tunasubiri wiki kadhaa mpaka uvimbe na wekundu viishe, kwa sababu nyama iliyoambukizwa inavuja damu na mipaka ya mrija haionekani. Wapo wanaofanya upasuaji wakati maambukizi yangali hai na kuripoti matokeo mazuri, hasa kwa wagonjwa ambao maambukizi yao hayatulii kabisa. Hiyo ni kazi ya mikono iliyozoea.

Jinsi upasuaji unavyofanywa ndiyo inayoamua kama mgonjwa atarudi. Njia ya zamani ni kukata mviringo mdogo kuzunguka kitundu na kuufuata mrija kwa macho hadi unapoishia. Ni njia inayoonekana ya busara, nayo ndiyo inayowaangusha wengi, maana matawi membamba hukatika bila kuonekana na kila tawi lililobaki huota mrija mpya. Ripoti mbalimbali zinaonyesha ugonjwa kurudi kwa viwango vinavyotofautiana sana, kuanzia sifuri hadi asilimia 42, na tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa bahati. Mwaka 1990 Prasad na wenzake walieleza njia ya kurefusha chale kwenda juu na nyuma ya sikio, kuufikia utando wa msuli wa panja, kisha kuondoa kwa pamoja nyama yote iliyo kati ya utando huo na gegedu la sikio, bila kujaribu kuufuata mrija mmoja mmoja. Katika wagonjwa wao ugonjwa ulirudi kwa asilimia 5 kwa njia hiyo, dhidi ya asilimia 42 kwa njia ya kawaida. Mimi ninaifuata njia hiyo, na ninaongeza kipande chembamba cha gegedu pale mrija uliposhikamana nalo, kwa kuwa kuuchubua mrija kutoka kwenye gegedu bila kuacha kitu ni jambo gumu. Sikio halipotezi umbo lake kwa kipande hicho.

Mengine ni nyongeza zenye faida. Rangi ya buluu ya methilini ikiingizwa kwa kiasi kidogo hupaka mrija na kumwongoza mpasuaji, ingawa ikivuja hupaka kila kitu na kuwa kero badala ya msaada. Darubini ya upasuaji au miwani ya kukuza inaonyesha matawi ambayo macho matupu hayayaoni. Nafasi iliyobaki wazi chini ya ngozi ifungwe vizuri na bandeji ya kubana iwekwe, ili damu isijikusanye hapo na kuoza.

Upasuaji wa mabaki ya mfuo wa kwanza ni jambo la ngazi nyingine, na haupaswi kuanzishwa kama nyongeza ya upasuaji mdogo. Unafanywa kwa chale ile ile inayotumika kwa tezi ya mate ya shavuni. Neva ya uso inatafutwa kwanza, inatambuliwa kwenye shina lake, na matawi yake yanafuatwa mbele hadi yapite eneo la mrija; hapo ndipo mrija unapoachanishwa nayo na kuondolewa wote, pamoja na kipande cha ngozi na gegedu la mfereji wa sikio pale ulipofungukia. Mashine ya kufuatilia neva wakati wa upasuaji ni msaada mkubwa, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa, kwa sababu makovu huishika neva na kuifanya ifanane na kila kitu kinachoizunguka. Mgonjwa na wazazi waelezwe mapema kwamba udhaifu wa muda wa upande mmoja wa uso unaweza kutokea hata kwenye mikono mizuri. Ukiniuliza ni nani aliye katika hatari kubwa zaidi, nitakujibu kwamba ni yule aliyepasuliwa mara nyingi zaidi kabla ya kunifikia.

Nimalizie na barua ya rufaa, ambayo wengi wenu ndio mnaoiandika. Andikeni uvimbe ulitokea mahali gani hasa, na ni mara ngapi umerudi hapo. Andikeni kama kitundu kimeonekana, kiko wapi, na sikio la pili likoje. Andikeni hali ya kiwambo cha sikio, hata kama ni kizima, kwa sababu uzima wake ni taarifa. Elezeni chale zilizokwisha kukatwa, tarehe zake, na dawa zilizotumika pamoja na majibu ya maabara kama yapo. Mwambieni mgonjwa akunje uso, afumbe macho na atabasamu, kisha mwandike mlichokiona, ili siku ya upasuaji tujue uso wake ulikuwaje kabla hatujaugusa. Maswali nitayapokea sasa, tukianzia upande wa wauguzi, ambao ndio wanaoviona vitundu hivi kwa watoto wachanga kabla yetu sote.